Samaki gani? Mwongozo wa kuacha maneno mavivu na kuchagua neno linalolingana na jambo

Asubuhi moja niliandika habari ya mistari minne kwa ajili ya redio ndogo ninayoihariria hapa Goma, mashariki mwa Kongo: bei ya samaki imepanda sokoni. Niliipata kwa simu, nikaisoma mwenyewe hewani, nikajiona nimemaliza. Saa nne nikapita Kituku, ufukweni, na mama mmoja anayeuza kwenye sinia akaniita kabla sijamwamkia.

"Mwanangu, ni weye ulisema samaki imepanda? Samaki gani?"

Nikakaa kimya. Akaninyooshea kidole tilapia zake: bei ileile ya juzi. Kilichopanda ni sambaza, wale samaki wadogo, na sababu ilikuwa juu angani. Mwezi ulikuwa umejaa. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa, juu ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti. Taa inawavuta samaki kuja juu, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukiwaka, taa inapoteza nguvu, sambaza wanatawanyika, wavuvi wanarudi na ndoo nusu. "Ngoja wiki moja tu," mama akasema, "itashuka."

Kwa neno moja pana nilikuwa nimewatisha wanunuzi wa tilapia bure, na nimewanyima wanunuzi wa sambaza habari ambayo ingewasaidia: subirini. Sambaza mwenyewe ana historia yake. Si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na kule Uvira, kando ya ziwa hilo, watu humwita ndagala, wakati ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanasema dagaa. Neno "samaki" linayameza yote hayo.

Tangu siku ile nikiona neno pana kwenye maandishi yangu nasikia sauti ya yule mama: gani? Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali hilo. Neno pana mara nyingi linafunika swali ambalo mwandishi hakuliuliza. Kubadilisha neno bila kuuliza swali ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Hatua ya kwanza: wakamate watuhumiwa

Chukua maandishi yako ya hivi karibuni, barua, ripoti, tangazo, hata ujumbe mrefu wa simu. Usiyarekebishe kwanza. Tafuta tu na upigie mstari maneno haya: kitu, vitu, mambo, fanya, tengeneza, weka, toa, nzuri, mbaya, shida, tatizo, sana, mengi, fulani. Kwenye simu au kompyuta tumia kitafutio, andika "mambo" uone yanajitokeza mara ngapi. Mimi nilipofanya hivyo kwenye ripoti yangu moja ya kurasa tatu nilikuta "mambo" mara kumi na moja. Mambo ya elimu, mambo ya maji, mambo ya vijana, mambo yanaendelea.

Kila mtu ana watuhumiwa wake. Rafiki yangu mwalimu ana "suala". Kila kitu kwake ni suala: suala la daftari, suala la choo. Mwingine ana "kwa upande wa". Wako utawajua ndani ya nusu saa.

Sasa, tahadhari kabla hujaanza kukata. Si kila neno pana lina hatia. "Piga" linaonekana pana, lakini kupiga simu, kupiga pasi, kupiga deki na kupiga mstari ni misemo iliyokwisha kukaa. Ukijaribu kuibadilisha utaandika Kiswahili ambacho hakuna anayekisema. "Mambo?" ya salamu ibaki salamu. Na "kusema", ambalo wengi hulidharau kwamba ni neno la kitoto, mara nyingi ndilo neno la haki kuliko yote kwenye habari. Ukiandika mtu "alikiri", umeshamhukumu kwamba alikosa. Ukiandika "alidai", unamnong'oneza msikilizaji kwamba huenda anadanganya. "Aliropoka" ni tusi kabisa. Kama alisema tu, andika alisema. Nimewahi kuwarudishia waandishi vijana rasimu zilizojaa "alisisitiza, alibainisha, alifafanua" kwa mtu aliyesema maneno sita kwenye kizingiti cha mlango wake.

Hatua ya pili: muulize mkono

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa.

Kitenzi kipana unakibana kwa kutazama mwili wa anayetenda. Chukua "kubeba". Simama dakika kumi kando ya barabara ya Sake asubuhi na uangalie. Mama mwenye mtoto mgongoni amemweleka. Msichana mwenye beseni kichwani amejitwika. Bibi kizee aliyekaa barazani na mjukuu mapajani amempakata. Vijana wanaohamisha mchanga kwa ndoo, wakienda na kurudi, wanausomba; neno hilo ndani yake lina safari nyingi, na "kubeba" halina. Anayevuta gunia chini linakwaruza ardhi anakokota. Kijana wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ana vitenzi vyake kadhaa: anapakia magunia ya makala (mkaa), anasukuma mlimani, anaserereka mteremkoni goti moja likiwa kwenye ubao, anapakua sokoni. Ukiandika "kijana alibeba makala kwa chukudu" umemnyang'anya jasho lote. Mji huu umemsimamishia chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu. Tunaweza kumpa vitenzi vyake.

Kisha nenda Bukavu uwatazame wanawake wanaopandisha mizigo vilimani, mzigo ukiwa mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso, mwili umeinama mbele. Nimetafuta kitenzi kimoja cha Kiswahili sanifu kwa ubebaji huo na sikuridhika na nilichopata. Basi sema hivyohivyo kwa maneno yake: mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kulenga shabaha si lazima kuwe kwa neno moja. Mara nyingine neno la kawaida likifuatwa na picha moja iliyo wazi linashinda neno adimu ambalo msomaji ataliruka.

Fanya vivyo hivyo jikoni. "Alipika" halimwambii mtu chochote zaidi ya kwamba kulikuwa na moto. Sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa kwanza ndipo ichemshwe, bugali husongwa, sambaza hukaangwa, mahindi huchomwa, mkate huokwa, chakula cha jana hupashwa moto. Na "alikata"? Muhogo humenywa, kuni huchanjwa, majani hufyekwa, nguo huraruliwa, nywele hunyolewa. Maneno haya yote unayajua. Hakuna hata moja nililolitoa kwenye kamusi. Yako kwenye mdomo wa mama yako. Yanapotea tu pale tunaposhika kalamu na kujikaza tuonekane wasomi.

"Kufanya" linahitaji jicho la pekee kwa sababu mara nyingi limesimama mbele ya kitenzi halisi na kukizuia. Kufanya uamuzi: kuamua. Kufanya mazungumzo: kuzungumza. Kufanya ukaguzi: kukagua. Ondoa "fanya", mwite yule aliyejificha nyuma, sentensi inapumua. Lakini "kufanya usafi" hakuna aliyejificha nyuma yake; hapo inabidi uulize mkono: walifagia, walizoa taka, walizibua mtaro, au walisimama wapigwe picha na mafagio?

Na usisahau namba. Watu wengi huja kwangu kuandikiwa hati za mkopo: "Nimemkopesha elfu hamsini." Elfu hamsini gani? Hapa Goma mtu mmoja ana faranga za Kongo mfukoni, dola kwenye soksi na faranga za Rwanda kwenye kikoba kwa sababu mpaka uko karibu. Makuta, ndilo neno tunalolipenda kwa pesa yoyote, limebaki tangu enzi za zaire, sarafu ya 1967 iliyogawanywa kwa makuta mia moja, na sarafu yenyewe imekufa zamani. Kwa maongezi ni tamu. Kwenye hati andika jina kamili la pesa, kila mara.

Hatua ya tatu: tumia vyombo ambavyo lugha imekupa

Lugha nyingine inabidi zitafute neno jipya. Kiswahili mara nyingi kinabadilisha mkia wa kitenzi tu na maana yote inageuka. Baba mmoja wa Ndosho alikuwa na ugomvi wa palseli, yaani kiwanja. Jirani alichimba shimo la choo karibu mno na ukuta wake, ukuta ukalala. Aliandikiwa barua kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wao, na mtu mwingine, na barua ikasema: "Ukuta wangu umebomoka." Jibu alilopata lilikuwa fupi: pole, mvua ni mvua. Alipoleta karatasi hiyo kwangu tulibadilisha sentensi moja. "Ukuta wangu umebomolewa na shimo ambalo jirani alilichimba mita moja kutoka kwenye msingi." Umebomoka: hakuna mwenye kosa, jambo limejitokea. Umebomolewa: kuna aliyefanya, na msomaji anatafuta nani.

Chombo hicho kinakata pande zote mbili. Dirisha la ofisi likikutwa na vipande sakafuni asubuhi na hujui kilichotokea, andika "limevunjika". Ukiandika "limevunjwa" umeshamshtaki mlinzi.

Pasuka, pasuliwa, pasuana. Katika, katwa, katiza. Potea, potezwa. Jizoeze kumaliza kila kitenzi cha muhimu kwa kujiuliza: kimejitokea, kimetendwa, kimetendeana, au kimesababishwa?

Chombo cha pili ni tanakali. Hapa namuua "sana". Giza sana: giza totoro. Amelowa sana: amelowa chapachapa. Amelala sana: amelala fofofo. Gari limejaa sana: limejaa pomoni. Nyeupe sana: nyeupe pepepe, nyekundu ndu, nyeusi tii. Mlango umefungwa ndi. Maneno haya yana sauti ya jambo lenyewe ndani yake, na redioni ni dhahabu, maana msikilizaji haoni. Ila tanakali ina mahali pake. Kwenye ripoti ya mkaguzi wa hesabu usiandike kwamba sanduku la pesa lilikuwa limejaa pomoni. Taja kiasi kilichokuwemo.

Chombo cha tatu, kwetu huku, ni kile kiambishi ka-. Katoto, kanyumba, kakazi. Wasahihishaji wa sanifu wanakikata kwa kalamu nyekundu, na mimi mwenyewe nakikata kwenye taarifa. Lakini kwenye barua ya mama kwa mwanawe aliye Lubumbashi, "katoto kako kanatembea sasa" ina upendo ambao "kitoto chako" haina. "Kitoto" katika masikio mengi ni dharau. Hapo usahihi uko kwenye moyo wa neno, na kitabu cha sarufi kikae pembeni.

Hatua ya nne: "mbaya" ana magonjwa mengi

"Nzuri" na "mbaya" ni hukumu bila mashtaka. Jiulize kimeharibika wapi.

Maziwa yamechacha. Nyama imevunda. Ndizi zimeoza. Maharagi yametobolewa na fukusi. Barabara ina mashimo, au ina utelezi, au imefungwa. Mambo matatu tofauti kwa dereva. Mtu mbaya ni mchoyo, au mlaghai, au mfitini, au mkatili, na huwezi kujilinda na wote kwa njia moja. Muhogo "mbaya" mara nyingi ni muhogo mchungu tu, ambao haujaharibika hata kidogo: unalowekwa siku kadhaa, unaanikwa, unasagwa, unaliwa. Ukimwambia mgeni kwamba ni mbaya atautupa. Ukimwambia ni mchungu atauliza mnaulowekaje.

Sasa neno ambalo ningependa kila mtoto wa Goma alijue kabla ya kujua kuandika jina lake: mazuku. Wageni wanaofika husikia "hewa mbaya" wakadhani ni harufu ya taka au moshi wa volkano. Mazuku ni kitu kingine kabisa. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye maeneo ya mawe ya volkano, hasa magharibi ya mji na kando ya ziwa. Haina rangi. Haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini, kwenye mashimo na mabonde madogo, na inajikusanya usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Mbuzi anayeinama kula majani shimoni anaanguka. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu kichwa chake kiko karibu na ardhi. Neno "mazuku" linabeba maelezo yote hayo kwa silabi tatu, na wanasayansi wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua kama lilivyo, wanalitumia katika maandishi yao. "Hewa mbaya kule bondeni" inamfanya mtu afunge pua na kuendelea. "Kuna mazuku kule bondeni" inamgeuza njia.

Hatua ya tano: kitenzi cha habari kina miguu

Hii ni kwa wanaoandika taarifa, lakini yeyote anayesimulia tukio kubwa itamfaa.

Kila mara Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, inapotajwa, kalamu hukimbilia "ililipuka". Bomu hulipuka. Tangi la petroli hulipuka. Tarehe 17 Januari 2002, na tena jioni ya 22 Mei 2021, kilichotokea ni kwamba ubavu wa mlima ulipasuka, nyufa zikafunguka, na mawe yaliyoyeyuka yakatiririka kuelekea mjini. Mwaka 2002 yalipita katikati ya mji hadi ziwani. Mwaka 2021 yalisimama pembezoni, upande wa kaskazini, karibu na Buhene. Mama mkwe wangu husema "moto ulishuka", na nimesoma taarifa ndefu zisizokuwa na usahihi wa maneno yake mawili. Aliyesikia "ililipuka" anatazama juu kuona mawe yanayoruka. Aliyesikia "ulishuka" anatazama mteremko na kukimbilia pembeni.

Kitabu cha jiografia kitakupa "zaha" kwa yale mawe yaliyoyeyuka. Ni neno halali. Nimelijaribu hewani mara moja, wasikilizaji watatu wakapiga simu kuuliza zaha ni karitye (mtaa) gani. Nikarudi kwenye "lava" na "moto wa volkano".

Kisha watu wanaoondoka. Usiku wa 22 Mei walikimbia, wengi bila kungoja amri. Tarehe 27, mitetemeko ikiendelea, mamlaka iliamuru karitye kumi za mji zihame, na watu wakatembea kwenda Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda boti. Hao waliamriwa kuondoka, au walihamishwa. Neno "walikimbia" kwa siku zote mbili linaficha kwamba mara ya kwanza watu walijiamulia na mara ya pili waliamuliwa. Na mkimbizi ni nani? Kwa maana ya sheria ni aliyevuka mpaka wa nchi, kama wale waliomiminika hapa kutoka Rwanda Julai 1994. Aliyetoka Masisi, humuhumu Kivu Kaskazini, akalala Mugunga, pembezoni mwa Goma, hajavuka mpaka wowote. Ni mkimbizi wa ndani, na mtaani wanamwita deplase. Ukimwita mkimbizi tu kwenye orodha ya msaada unaweza kumpeleka kwenye mlango usiomhusu.

Kifo nacho kina ngazi zake. Mbuzi amekufa. Mtu amefariki, au ameaga dunia. Aliyezama ziwani amekufa maji, na hapo "kufa" inaruhusiwa kwa sababu ni msemo kamili. Kwenye tangazo la msiba ambalo familia italisikiliza imekaa sakafuni, heshima ni sehemu ya usahihi.

Hatua ya sita: jua unamwandikia nani

Niliwahi kumwambia jirani yangu kwa furaha kwamba nimemaliza makala yangu. Akaniuliza gunia bei gani. Kwetu makala ni mkaa; kule pwani makala ni maandishi ya gazetini. Hakukosea yeye, nilikosea mimi kwa kuvaa neno la vitabuni nikiwa uani kwake.

Iko mifano mingine inayoleta aibu zaidi. Hapa "bibi yangu" ni mke wangu. Dar es Salaam ni mama wa mama au wa baba yangu. Hapa "yaya" ni dada au kaka mkubwa, unamwita kwa heshima. Nairobi ni mfanyakazi anayelea watoto, na mgeni wa huko atashangaa kwa nini unamwita mkubwa wako hivyo. Kwa hiyo unapomwandikia mtu wa nje ya Kivu na Katanga, pitia kila jina la ukoo. Ukiwa na shaka, sema wazi: mke wangu, mama wa baba, dada yangu mkubwa. Unapowaandikia wa nyumbani, usione haya kutumia ya nyumbani. Sombe ni sombe. Ukiandika kisamvu kwenye tangazo la mgahawa wa Birere wateja watadhani ni chakula cha kigeni na watauliza bei yake kwa woga.

Hatua ya saba: kamusi, na namna ya kuisoma

Kamusi ije sasa, baada ya kuuliza maswali, siyo kabla. Wengi hufungua kamusi ya visawe wakachagua neno refu kuliko yote kwenye orodha. Hapo ndipo "nyumba" inageuka "kasri" na mwalimu wa shule ya msingi anakuwa "mhadhiri".

Ukipata neno linalokupendeza, litafute lenyewe kwenye kamusi ya kawaida. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza mwaka 1981 bado inafaa kwa kazi hii. Soma mfano wa sentensi kuliko maelezo. Angalia ngeli, maana neno zuri lenye upatanisho uliokatika linaumiza sikio kuliko neno pana. Kisha liweke kwenye sentensi yako na uisome kwa sauti kwa mtu wa nyumbani ambaye si mwandishi. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize ameelewa nini. Akikusimulia jambo lilelile ulilokusudia, acha. Akisema "maana yake?", neno limeshindwa hata kama kamusi inalitetea.

Ukishachagua, shikilia. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini, na hilo limeharibu maelekezo mengi ya dawa. Ukisema kidonge mstari wa kwanza, tembe wa pili na dawa wa tatu, mgonjwa anahesabu vitu vitatu.

Hatua ya nane: fanya kazi nzima mara moja

Rasimu hii nimeitunga kwa mfano wa zile zinazofika mezani kwangu. Tuseme imetumwa kutoka Bukavu, Kadutu, ambako nyumba zimening'inia kwenye vilima na udongo hauna subira:

"Jana kulikuwa na mvua nyingi sana. Vitu vingi viliharibika na watu walipata shida. Nyumba zingine zilipata tatizo kwa sababu ya udongo. Vijana walifanya kazi nzuri ya kusaidia. Viongozi wamesema mambo yatatengenezwa."

Sentensi tano, watuhumiwa wasiopungua wanane. Hebu tumpe mwandishi simu arudi kuuliza, kisha aandike:

"Jana alasiri mvua kubwa ilinyesha Kadutu kwa saa mbili mfululizo. Udongo wa kilima uliporomoka, ukafukia jiko la nyumba moja na kuangusha ukuta wa nyingine. Magodoro na magunia matatu ya maharagi yalilowa chapachapa. Vijana wa avenyu walizoa matope kwa majembe na mabeseni hadi usiku, na watoto wa nyumba zote mbili wakalazwa kwa majirani. Shefu wa avenyu ameahidi kwamba mtaro utachimbwa kabla ya Jumapili."

Toleo la pili ni refu, na sioni haya kulisema. Ushauri kwamba neno sahihi hufupisha maandishi ni kweli nusu tu. Limerefuka kwa sababu la kwanza halikuwa na habari. "Udongo uliporomoka" lilihitaji kuuliza: ni maporomoko ya ghafla, au ni mmomonyoko unaokula kilima taratibu mwaka hadi mwaka, au ni mafuriko yaliyoleta matope kutoka juu? Mafundi watakaokuja na koleo watafanya kazi tofauti kwa kila moja. "Mambo yatatengenezwa" likawa mtaro na siku, kwa hiyo Jumatatu mtu anaweza kwenda kuangalia kama umechimbwa. Viongozi, nadhani, ndiyo maana wanapenda neno mambo.

"Mvua kubwa" nimeiacha. Hakuna mwenye kipimo cha mvua pale juu, na yule mama wa Kituku angeuliza kubwa gani, ningemjibu: saa mbili, na jiko likafukiwa.